Sauti au Neno

Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye kile kiti kirefu pembeni ya wavu, nikiwatazama watu wazima wenye akili zao wakifanya vituko. Watu wakiniuliza uamuzi wa tenisi una ugumu gani, wanategemea nitaje jua, au ubishi wa mpira uliogusa mstari na ule ambao haukugusa. Jua nimeshalizoea, na ubishi ndio mshahara wangu. Kinachonichosha ni yale wanayoyafanya kabla mpira haujapigwa.

Yuko anayedundisha mpira mara kumi na tisa ndipo auanzishe. Nimehesabu. Akifika kumi na nane mtu akakohoa jukwaani, basi anarudi kwenye moja. Yuko anayeivuta kaptura yake kwa nyuma kila pointi, kana kwamba fundi aliyemshonea alikuwa na kisa naye. Yuko asiyekanyaga mistari. Akibadili upande anairuka kama mtoto anayeruka dimbwi, na huyo ni mtu mwenye ndevu na watoto wawili. Yuko anayeletewa mipira mitatu, akaikagua kama anachagua nyanya, akarudisha mmoja na kuomba mwingine, na huo mwingine ni uleule alioukataa. Halafu kuna wale wa chooni. Akipoteza seti, tumbo linamkamata. Akishinda, tumbo shwari. Sijawahi kuona ugonjwa unaojua hesabu namna hiyo.

Mimi kazi yangu ni kuuma meno na kutazama saa. Pointi ikiisha mchezaji ana sekunde ishirini na tano za kuanzisha nyingine, na zikipita nampa onyo. Mume wangu analalamika kwamba kazi nimeihamishia nyumbani. Siku moja alijifungia bafuni mpaka nikagonga mlango na kumwambia, "Onyo la kwanza." Hakucheka. Mimi nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikamwagika.

Wachezaji wananiita Mama Kimya, kwa sababu nikishika kipaza sauti maneno yangu mengi ni hayo: kimya, tafadhali. Jina halinisumbui. Nimewahi kusikia mengine mabaya zaidi.

Sasa, mechi ninayotaka kuisimulia ilichezwa asubuhi ya Alhamisi, kwenye uwanja wa pili, ule wenye jukwaa la mbao upande mmoja tu. Ilikuwa ya mwisho ya mchujo. Atakayeshinda anaingia kwenye mashindano yenyewe, atakayeshindwa anakunja virago. Na kati ya wale wanawake wawili, mmoja alikuwa anacheza zaidi ya mechi. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, goti lake limefungwa bandeji, na wiki ile alikuwa ameshasema redioni bila kupepesa macho: "Nisipoingia safari hii, naweka raketi chini." Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amezunguka nchi za watu akicheza viwanja vidogo. Nyumbani hakuwahi kucheza hata mara moja tangu aanze kulipwa, maana mashindano ya aina hii hatukuwa nayo. Ndiyo kwanza yameletwa.

Huyu tulimwita Twaa. Kila akiupiga mpira alitoa sauti kubwa kutoka kifuani, "Twaaa!", na watu wa uwanja wa pembeni wakageuka kutazama. Wanaoguna nimewazoea. Wako wanaolia kama mlango usiotiwa mafuta, na wako wanaonguruma utadhani wanabeba kabati la nguo ngazini. Kuguna si kosa. Mtu akitoa pumzi inatoka na sauti, na sheria inamvumilia.

Mpinzani wake alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye mkono mzuri kuliko wote niliowaona mwaka ule, na ubovu wake ni mmoja tu: taulo. Baada ya kila pointi, hata ile ya mpira mmoja, hata kama wingu limefunika, lazima aende kona ya uwanja akajifute. Uso, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mpini wa raketi, uso tena. Jina lake la mtaani unaweza kulikisia. Taulo naye ni wa hapahapa, kazaliwa na kukulia huku, anasema lugha yetu kama mimi na wewe. Hilo ndilo lililoleta mambo.

Seti ya kwanza aliichukua Taulo, ya pili akaichukua Twaa. Jukwaa lilikuwa upande wa Twaa wazi kabisa, na mimi, nikisema ukweli wangu, moyo wangu ulikuwa hukohuko. Mwamuzi hapaswi kuwa na upande. Lakini nami nina miaka yangu, nina goti langu, na nilitamani sana mwanamke yule aingie. Nilichokifanya ni kuuficha moyo huo mahali ambapo hata mimi sitauona.

Seti ya tatu ilipofika tatu kwa tatu, Twaa akamvunja Taulo, yaani akaishinda gemu ambayo Taulo ndiye alikuwa anaanzisha. Ikawa nne kwa tatu. Badala ya kwenda kwenye taulo, mara ya kwanza asubuhi ile, Taulo alikuja moja kwa moja chini ya kiti changu.

"Mama, huyu ananisemesha," akasema.

"Anakusemesha vipi?"

"Anaponipigia mpira ananiambia twaa. Anaponipigia tu, 'twaa!' Kama anamtupia mbwa mfupa. Mpira uko njiani mimi nasemeshwa. Hiyo inaruhusiwa?"

"Hiyo ni sauti yake," nikasema. "Kila mtu na sauti yake."

"Mama, na wewe si unasikia? Twaa ni neno."

Nikalirudia kimoyomoyo: twaa.

Na ni kweli. Miaka yote nilikuwa nimemwona Twaa kwenye vipande vya video mtandaoni, nimesikia hiyo sauti, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba ni neno. Ukizoea kitu hukisikii tena. Na lenyewe siku hizi halina matumizi mengi. Tunalisikia kwenye habari za michezo, fulani katwaa kombe, fulani katwaa medali, basi. Nyumbani nani anasema twaa? Tunasema chukua, tunasema shika. Lakini neno ni neno hata likiwa limechakaa. Na sheria inasema hivi: ukiguna unapoupiga mpira, sawa, lakini ukitamka neno wakati mpira unaelekea kwa mwenzako, umemsumbua, na pointi inakwenda kwake.

Waamuzi wote wa huko alikopita walimwachia kwa sababu masikioni mwao ile ilikuwa kelele tu. Amerudi kwao, na kwao ndiko pekee duniani ambako ile kelele ina maana.

Nikamwambia Taulo akakae, nitaliangalia. Akaenda kujifuta.

Wakibadilishana upande wanapumzika sekunde tisini. Nikazima kipaza sauti, nikainama kwenye kiti. Twaa alikuwa amekaa benchi lake akinywa maji, goti amelinyoosha mbele.

"Mwanangu," nikamwita.

Akainua macho. "Naam, mama."

"Ile unayoitoa ukipiga. Ni sauti, au unasema?"

Akafunika chupa yake, akaiweka chini ya benchi, akaisogeza kidogo. Nami nilikuwa namwomba kimoyomoyo, nasema binti, sema ni pumzi. Sema ni pumzi tu inatoka vibaya, mimi nitaandika pumzi, na huyu mwenzako nitamwambia arudi kwenye taulo lake.

"Miaka kumi na mmoja sasa," akasema, "na hakuna mwamuzi aliyewahi kuniuliza."

"Wao hawajui. Mimi najua."

"Nasema, mama. Nasema twaa."

"Kwa nini, lakini?"

Akatabasamu kwa aibu, mwanamke mzima wa miaka thelathini na mbili. "Baba yangu ni fundi mwashi. Nikiwa mdogo, shule zikifungwa, nilikuwa nashinda naye kazini. Anamrushia tofali mwenzake aliye juu ya jukwaa la miti, na kila tofali lazima aseme twaa. Akaniambia, mtu hapaswi kurushiwa kitu kimyakimya. Mwambie kwanza, asije akaumia. Basi nilipoanza kupiga mpira ukutani nikawa nasema hivyo. Sijui kupiga bila kusema. Simkejeli mtu, mama. Namwambia ajiangalie."

"Baba yako yupo?"

"Yule. Mstari wa tatu, mwenye kofia ya kijivu. Hajawahi kuniona nikicheza mechi ya kweli. Leo ndiyo mara yake ya kwanza."

Nikamtafuta. Mzee mwembamba, mabega bado mapana, mikono miwili mikubwa imelala magotini viganja vikitazama juu. Nilikuwa nimeshamwona tangu seti ya kwanza. Kila mwanawe alipopiga kelele, vile vidole vilijikunja kama vinapokea kitu, na nilidhani mzee wa watu anatetemeka kwa ugonjwa.

Sekunde zilikuwa zinakwisha.

"Nimekuelewa," nikamwambia. "Lakini kwa kuwa ni neno, huwezi kulisema mpira ukiwa unakwenda kwake. Nakupa tahadhari tu kwa sasa. Ukirudia, pointi ni yake. Sina namna nyingine."

"Sawa, mama," akasema, akasimama. Hakunung'unika. Angeninung'unikia ningepata nafuu.

Gemu iliyofuata alikuwa anaanzisha yeye, na uwanja ulikuwa kimya mpaka nikasikia kamba za raketi zikigonga mpira. Miaka ishirini na mbili naomba kimya, na nilipokipata sikukipenda. Twaa alibana midomo utadhani amebeba maji mdomoni. Aliupiga wa kwanza ukagonga wavu. Wa pili ukagonga wavu. Mkono ulikuwa uleule, miguu ileile, ila ule mpigo wake wa kujua wakati wa kupiga haukuwepo. Mpira ulimfikia yeye akiwa bado anakumbuka kunyamaza. Nilimwona mara mbili akianza kufumbua mdomo na kuufunga, na mpira ukatoka nje kwa futi nzima. Nne kwa nne. Taulo akashinda gemu yake bila jasho, kisha akalifuta jasho hilo. Nne kwa tano, wakabadilishana upande, na safari hii Twaa alikaa benchi lake akitazama chini. Sikumsemesha. Jukwaani yule mzee alikuwa amekunja mikono kifuani, na alikuwa anamgeukia jirani yake, nadhani anamuuliza kwa nini binti amenyamaza.

Gemu ya kumi Twaa alianzisha akijua kwamba akiipoteza, ndiyo basi. Alipigana. Nitasema hilo mahali popote nitakapoulizwa. Goti lile bovu lilikwenda kila kona. Wakafika thelathini kwa arobaini, pointi moja imebaki, na baada ya hiyo ama tuko sawa tena ama mwanamke anaweka raketi chini.

Ulikuwa mpira mrefu. Nilihesabu kumi na saba ukienda na kurudi, mmoja akiguna, mwingine kimya. Wa kumi na nane Taulo aliupiga mfupi. Twaa akaufuata mbio, akauwahi ukiwa juu, na mwili wake wote ukaingia kwenye ule mkono, nami nikajua kabla hajaugusa.

"Twaaa!"

Mpira ukatua konani, kwenye mstari wenyewe, vumbi likaruka. Taulo alinyoosha mkono mpaka akakaribia kuanguka, akaukosa kwa kiasi cha kiganja. Jukwaa lote likasimama. Arobaini kwa arobaini, walidhani. Mzee mwenye kofia ya kijivu alikuwa amesimama pia, na mikono yake imefunguka.

Taulo hakulalamika. Hilo nataka lieleweke. Alikuwa ameshageuka, anaelekea kwenye kona ya taulo, ameshaikubali pointi. Hakuna aliyeniomba chochote. Ningeweza kutia pamba masikioni na kusema sare, na uwanja mzima ungenipenda, na mimi mwenyewe ningelala vizuri siku mbili tatu.

Lakini Twaa hakushangilia. Alisimama palepale alipopigia, akageuza uso na kunitazama mimi. Angeinua ngumi juu, angepiga kelele pamoja na jukwaa, sijui ningefanya nini, labda ningemfuata. Yeye alisubiri. Alijua amelisema, na alijua nimelisikia, na tulikuwa wawili tu pale tunaojua tulichoahidiana.

Nikawasha kipaza sauti.

"Usumbufu," nikasema. "Pointi, gemu na mechi."

Sitazieleza miluzi. Nilitukanwa na watu ambao nusu yao hawakujua nimefanya nini. Taulo alirudi kutoka kona akiwa na uso wa mtu aliyeamshwa, akaniuliza, "Nimeshinda?", kama vile nimemkosea. Akaenda wavuni, akamkumbatia mwenzake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mashavu yake yalilowa na hakuyafuta.

Twaa akaja kunipa mkono kama desturi. Kiganja chake kilikuwa kigumu na cha moto.

"Umesikia vizuri, mama," akasema. Hakukuwa na kijembe ndani yake. Akakusanya raketi zake, akaondoka.

Chumba cha waamuzi kiko nyuma ya jukwaa, kina meza moja, feni moja na dirisha linalotazama bomba la maji. Nilikaa pale kujaza fomu. Kuna sehemu inayouliza maneno yaliyotamkwa, na chini yake kuna sehemu ya maelezo ya mwamuzi. Ya kwanza niliijaza. Ya pili niliitazama mpaka chai yangu ikapoa. Nilikuwa na hasira na sheria, nikawa na hasira na masikio yangu, nikaishia kuwa na hasira na taulo, kitu kisicho na kosa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa yule mzee, kofia ameishika mkononi.

Nikajua kumekucha. Nikasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sijakutoa kazini?"

"Hapana. Karibu ukae. Mzee, kuhusu ile pointi—"

"Ile mimi siijui," akasema, akikaa taratibu ukingoni mwa kiti. "Mambo ya pointi mtayamaliza wenyewe wenye kazi. Mimi nimekuja kuuliza kitu kimoja. Wewe unawafuatilia hawa. Huko alikokuwa anakwenda miaka yote hii, alikuwa analisema lile neno?"

"Kila mpira, mzee. Ndiyo jina lake. Wote tunamwita Twaa."

Akaikunja ile kofia mara mbili, akaikunjua. "Mimi nilikuwa naletewa matokeo tu kwenye simu. Kashinda, kashindwa. Sikujua kama analisema." Akaiweka kofia gotini. "Na hao aliokuwa anacheza nao, walikuwa wanamjibu?"

"Wamjibu nini?"

Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza maji yanafanya nini kwenye saruji.

"Kule kazini kwetu, wa chini akisema twaa, wa juu anajibu leta. Anakuonyesha kwamba amekuona, mikono yake iko tayari. Asipojibu, hurushi. Tofali unabaki nalo mkononi." Akatikisa kichwa. "Sasa huyu amerusha miaka kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemwambia leta."

Mimi mwenye masikio mazuri kuliko wote, niliyelisikia neno, nilisikia nusu.

Nje tulisikia viatu kwenye korido. Twaa alitokea mlangoni, amebadilisha nguo, begi refu la raketi limemvuta bega upande mmoja, mguu anauburuta. Alipomwona baba yake ndani ya chumba changu akasimama. Nadhani alikuwa ameupiga moyo konde tangu uwanjani, na pale ndipo ulipomponyoka. Akalishusha begi begani, akalishika kwa mikono yote miwili, hajui pa kuliweka.

Mzee akasimama. Akaivaa kofia yake, akafungua mikono, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika kutoka ghorofani akamwambia:

"Leta!"